Libanga la Valentin

—Mama, tukae mbele, karibu na muziki.

—Hapana, masikio yenu itapasuka. Tukae hapa.

Blandine alitandika kitenge kwenye majani ya uwanja wa mpira wa Lushebere, akawaketisha watoto wake, Kétsia wa miaka minane na mdogo wake Noël. Ilikuwa vakansi, shule zimefungwa, na vijana wa parokia walikuwa wameleta okestra iwapigie watoto mchana, bure kabisa, watu wote warudi makwao kabla ya giza. Yeye mwenyewe hakutaka kuja, maana mwenye mawazo ngoma haimkai. Lakini watoto walikuwa wamemlilia tangu asubuhi, na kitu cha bure huku kwetu hakiji kila siku.

Simu ikatikisika. Ujumbe wa Kasika, kaka yake anayeuza samaki Bweremana:

"Dada, chumba kiko wazi. Shule inafunguka karibuni. Leta batoto."

Akajibu kama alivyojibu siku zote: "Valentin alisema atakuja kututafuta hapa. Akikosa kutukuta?"

Valentin ndiye mume wake. Alienda kuchimba mawe ya madini kwenye mgodi wa Bisie, na mashine zilipowaondoa wachimbaji wadogo akashuka Walikale. Kwenye simu alisema anabeba mizigo katika duka moja na kulala juu ya magunia. Blandine alimhurumia mno. Akila sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, alijiambia mwenzangu huko anateseka kunishinda. Mapenzi yana upofu wake, jamani.

Mwimbaji akashika maiki, wimbo ukaanza. Huku kwetu hakuna wimbo bila mabanga, yale majina ya watu waliomtunza mwimbaji, anayoyatupa katikati ya muziki. Jina likishaingia humo halitoki. Okestra inatembea nalo kila inakoenda.

—Valentin wa Walikale, mutu ya bantu! aliimba yule bwana. Na Claudette, bibi ya roho yake! Na dada yake wa tumbo moja, Blandine wa Lushebere, na bayatima yake, Kétsia na Noël!

Kétsia aliruka kama aliyechomwa.

—Mama, baliita jina yangu! Na ya Papa!

—Yatima njo nini? aliuliza Noël.

—Njo mutoto hana papa, alijibu dada yake. Balikosea. Sisi tuko na papa.

Blandine alitaka kusema ni Valentin mwingine, lakini Valentin gani mwingine ana Blandine, ana Kétsia, ana Noël? Njia ya mwongo ni fupi, hata ile ya Walikale yenye matope. Akampigia Valentin simu. Ikapokelewa na mwanamke.

—Alo, belle-sœur? Njo Claudette. Valentin iko anaoga.

Belle-sœur. Yaani yeye ni wifi wa mwanamke huyu.

—Nasikia muziki, Claudette aliendelea. Okestra imefika kwenu? Balitaja batoto? Mi njo niliomba. Nilimuambia Valentin, hatuwezi kujitaja sisi tu, tusahau bayatima ya dada yako.

Sauti ilikuwa na upole wa kweli. Hilo lilimuumiza Blandine kuliko matusi, kwa sababu alitaka kumchukia mwanamke huyu na hakupata pa kuanzia.

—Aksanti, alisema.

—Mukuje ku ndoa, belle-sœur. Papa yangu amekubali, na duka tutaendesha na Valentin.

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikauliza:

—Unaongea na nani? Leta simu.

Kisha akashusha sauti, kama aliyesogea kando.

—Blandine?

—Okestra iko hapa, Valentin. Na wimbo iko ule ule.

—Sikujua batafika kuko. Nilifikiri ni ya hapa tu, ku bar. Sikiliza, usiseme kitu. Duka ni ya papa yake. Akijua, nitafukuzwa, na nyinyi mutabaki na nini? Nilifanya hivi juu yenu.

—Ulisema papa ya batoto alikufa. Juu yetu?

—Ni maneno tu, Blandine.

—Mi nilikuwa nakungoja. Nilikataa kwenda kwa kaka yangu juu yako.

Kabla hajajibu, Kétsia alimpokonya mama yake simu, akapiga kelele kushinda muziki:

—Papa! Tumesikia libanga yetu! Utakuja lini, Papa?

Blandine akaichukua simu tena, akaiweka sikioni. Halafu Claudette, karibu kabisa:

—Ule mutoto anakuita nani?

—Amenizoea tu, ni mutoto ya dada…

—Leta simu. Blandine, niambie. Batoto ni ya nani?

Kusema uongo kulikuwa rahisi. Angeitika kuwa wifi, na pengine daftari na viatu vingekuja kutoka Walikale kila mwaka. Akawatazama wanawe, wanaoitwa yatima ilhali baba yao yu hai.

—Ni ya Valentin, bote bawili. Mi siko dada yake. Niko bibi yake.

—Mi niko na mimba yake, alisema Claudette polepole, kama anayemwambia ndugu yake, na simu ikakatika.

Blandine hakusikia ushindi wowote. Alimwonea uchungu yule mwanamke, akajionea uchungu mwenyewe, na alichomtakia Valentin hakiandikiki hapa. Ujumbe wa Valentin ukaingia: "Umeniua. Usinitafute tena."

Hakuujibu. Alimwandikia Kasika: "Tutakuja."

—Papa alisema atakuja lini? aliuliza Kétsia.

—Hatakuja.

—Hata ku sikukuu ya Noeli?

—Hata Noeli, mwanangu. Hatakuja tena.

Hapo ndipo Blandine alipolia, waziwazi, katikati ya watu wanaocheza. Watoto wake hawakuwa wamewahi kumwona akilia mbele za watu. Kétsia alimvuta Noël mkono, wakaketi kando ya mama yao.