Kichaka cha Mama Hyerim

Seoul nzima hakuna anayejua maua ya gaenari, yale ya manjano ya Machi, kunishinda. Kichaka changu kilikauka mwaka juzi, sawa, lakini cha Mama Hyerim nakijua tawi kwa tawi, maana tumetengwa na ukuta tu.

Asubuhi moja ya Machi, naambiwa, Dogyu alikuwa akijipenyeza kwenye msongamano wa soko la maua, koti la kijivu limelowa jasho, amekumbatia furushi la matawi ya manjano. Akamgonga msichana mwenye skafu nyekundu. Hyerim, mpenzi wake, aliyehamia mbali na kwa mama!

"Siku tatu hupokei simu, kumbe unanunulia watu maua! Ni nani huyo?"

"Mama yako."

"Mama ana kichaka kizima, wewe!"

"Alikuwa nacho." Dogyu alilifumbata furushi. "Alipokwenda Daegu kutibiwa goti, nikataka kumfurahisha. Nikakikata, kikalingana kama kichwa cha askari."

"Mwezi gani?"

"Februari."

"Yesu wangu! Machipukizi ya maua yanakaa kwenye matawi ya mwaka jana, Dogyu. Hakikatwi mpaka kimalize kuchanua!"

"Sasa ndiyo najua. Mtaa mzima manjano, chetu vijiti. Na mama yako alisema akirudi akikikuta kimechanua, ndipo tuzungumze harusi."

Hyerim hakucheka. Mchumba wake wa kwanza, mfanyakazi wa benki, alifukuzwa na mama kwa kukanyaga miche miwili tu. Simu ya Hyerim ikalia.

"Nimeshuka kwenye treni," ilisema sauti ya mama. "Nakuja."

Wakakimbia mpaka uani kwa mama. Wakayafunga matawi kwenye vile vijiti kwa waya wa kijani, vidole vyao vinagongana.

"Nikifukuzwa, utanisahau?"

"Nyamaza, mpenzi, funga!"

Komeo la geti likalia. Mama Hyerim akaingia na koti lake la zambarau, anaegemea fimbo. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kichakani. Dogyu akajificha nusu nyuma ya Hyerim, mwanamume mzima.

"Kimechanua," alisema mama.

"Chenyewe kabisa, mama!" Hyerim alidakia. "Tangu Jumatatu. Nimekiona kwa macho yangu haya."

Mama akachuma ua moja, akaanza kulinyonyoa petali polepole. "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Dogyu akashusha pumzi. "Tano. Sita."

Akakiangusha kikonyo.

"Gaenari ina petali nne. Hii ni yasmini ya baridi, wauzaji huwauzia wasiojua kwa jina la gaenari." Hakumtazama Dogyu hata kidogo; alimtazama binti yake. "Wewe umekulia chini ya kichaka hiki miaka ishirini na sita, hujawahi kunidanganya hata kuhusu biskuti. Leo, kwa ajili ya huyu, macho yako yameshindwa kuhesabu mpaka nne?"

Hyerim akarudi nyuma hatua moja. Kisigino kikajikwaa kwenye tuta la miche.

"Mshike mwongo wako, mkwe," alisema mama, "kabla hajaniangukia miche."