Injini Iliyozimwa Wakati wa Usafi

Kengele ya usafi ililia baada ya chakula cha mchana, na kama kawaida shule nzima ikajifunga vitambaa kichwani na kushika matambara. Kotoha wa darasa la sita alipangusa rafu za maktaba huku akiimba kimoyomoyo. Kwa majuma kadhaa alikuwa akitengeneza programu ya kutafutia vitabu, na leo watoto wa darasa la kwanza wangeijaribu.

Programu ilikaa katika kompyuta ya maktaba. Lakini injini yake, ile inayopekua majina ya vitabu vyote, aliiweka kwenye kompyuta nyingine, ghorofani. Mwalimu Nagamine alikuwa amemshauri aitie ndani ya programu, maana vitabu vya shule ni vichache.

"Maktaba ya mji wameitenga injini yao, Mwalimu," Kotoha alikuwa amejibu. "Na yangu iwe ya kikubwa!"

Usafi ulipokwisha, watoto wakaingia. Binti mdogo aitwaye Himari akaandika "mbweha". Kioo cha kompyuta kikafikiri, kikafikiri, kisha kikaandika: Injini haipatikani.

"Dada Kotoha, mbweha wamekimbia?"

Wenzake wakaangua kicheko. Uso wa Kotoha ukawaka moto. Akapanda ngazi mbio. Chumba cha kompyuta kilikuwa safi, kimya, na kila waya umechomolewa ukutani. Shuhei, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akikamua tambara.

"We Shuhei! Nani kakutuma uchomoe?"

"Zamu imenituma. Hapa si tunachomoa kila kitu kila siku? Mwezi jana ulichomoa wewe. Au ukishakuwa mhandisi unasahau?"

Mlangoni akasimama Mwalimu Nagamine.

"Kuna nini? Wadogo wanasema programu imekufa."

Ingekuwa rahisi kumnyooshea Shuhei kidole. Waya ulikuwa miguuni pake, na tayari alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mimi, Mwalimu. Shuhei amefanya zamu yake. Nilijua huku kunazimwa, ila nilitaka mambo makubwa."

Shuhei akainua kichwa. "Nikusaidie kuihamisha? Mradi usiniite fundi wako."

"Fundi gani, na tambara hilo linavyonuka!"

Wakacheka, wakaketi kazini hadi saa ya kwenda nyumbani.

Kesho yake, baada ya usafi, Himari akabonyeza kitufe cha kompyuta ya maktaba. Programu ikaamka, na injini ikaamka nayo, maana sasa ilikuwa ndani yake. Akaandika "mbweha". Vitabu vinne vikajitokeza.

"Wamerudi!" akapiga kelele.

Mwalimu Nagamine akamgeukia Kotoha. "Maktaba ya mji ina matawi mengi. Yote yanauliza injini moja, na kuna watu wa kuilinda mchana kutwa. Kwao kuitenga ni sawa. Sisi tuna chumba kimoja, na tunazima taa zetu wenyewe. Chagua kinachofaa kazi yako, usichague cha kujionyesha. Na ukikosea, sema kama ulivyosema jana. Ungemsingizia mwenzako, tungemlaumu yeye, na injini ingebaki kule kule ikizimwa kila siku."

Kotoha akaitikia kwa kichwa. Himari alikuwa ameshachuchumaa kwenye rafu, kitabu mapajani, akisoma habari za mbweha wake kwa sauti.