Mwayo wa Ooko

Haya yalimpata rafiki yangu Nabwile, hapa hapa Voi. Alikuwa ametoka shamba la mkonge, miguu inamuuma, akapitia kwenye duka la kinyozi la mumewe, Ooko, kumpelekea chakula. Akamkuta ameganda mbele ya runinga, anatazama kile kipindi chake cha maroboti wanaojifanya watu.

"Sisi mashabiki tumegundua jinsi ya kuwajua," Ooko akasema. "Roboti haambukizwi mwayo. Ukipiga mwayo mbele yake, anakutazama tu."

"Baba Shanice, nimechoka. Kula twende nyumbani."

Akapiga mwayo mrefu wa uchovu. Ooko akacheka, halafu naye ukamshika, akaachama. "Aaaa..."

Stima ikapotea. Mwayo ukakatika.

"Ooko?"

Nje, jenereta ya jirani ilikuwa inakohoa, inakataa kuwaka. Humo ndani hata pumzi haikusikika. Nabwile akapapasa gizani mpaka akamfikia usoni. Mdomo ulikuwa bado wazi.

"Wacha mchezo, Baba Shanice. Nimechoka, nakwambia."

Stima ikarudi. Mkono wake ulikuwa ungali shavuni kwa mumewe pale mwayo ulipoendelea, kuanzia palepale ulipokatikia.