Uji wa Zizini

Rafiki yangu Kornelia wa Kibosho alinisimulia haya akitazama chini. Bwana mifugo kutoka Norwei alipokwenda likizo alimwachia ng'ombe wake na kopo la siagi. Akamsihi kila jioni aweke zizini bakuli la uji wenye siagi juu, chakula cha mlinzi wa nyumba asiyeonekana, aliyekuja naye toka kwao.

"Mwaka ule siagi haikuonekana hata dukani kwa Ramnik," alisema. "Lakini hatukuwa na njaa, dada. Ni tamaa tu. Siagi nikampa mwanangu, nikapeleka uji mtupu."

Giza lilikuwa limeingia. Alipogeuka kutoka zizini alisikia nyuma yake kijiko kikikwangua bakuli, polepole, kikitafuta. Kikanyamaza. Ng'ombe akaacha kucheua.

Kisha kutoka jikoni, alikomwacha mtoto peke yake, sauti ikamfikia: "Mama, mbona unanilamba midomo?"