Betri ya Obura

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi, Kaptembwo. Betri ilikuwa mezani, imefunikwa gunia. Wanaume watatu waliizunguka na hakuna aliyetaka kuitazama.

"Mpango ni ule ule," Kahiga alisema. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. "Micah anauza. Mteja anaenda zake. Mimi na Gathogo tuko kwa kona na kamba. Anaanguka, tunachomoa betri, tunaishia zetu."

"Mteja ni nani?" Gathogo aliuliza.

"Mathe fulani. Ako na pikipiki ya stima, anataka betri mtumba. Hata hajabishania bei."

Mara mbili walikuwa wameiuza betri hiyo, na mara mbili wakaipora tena. Wanunuzi hao waliumia, wakapona. Mwenye betri wa kwanza, Obura, hakupona. Jioni ile kamba ilimpata shingoni badala ya kifuani. Kahiga alishika ncha moja, ndiye pia aliyemwendea pale chini akachomoa betri. Micah alishika ncha ya pili, akabaki ng'ambo ya barabara, hakuthubutu kusogea. Tangu hapo mikono yake haikupata raha. Akishika kikombe, akishika mlango, anausikia ule mvuto wa kamba. Kahiga naye, jambazi wa kuogopwa, hakukubali betri ilale kwake hata mara moja. Ililala chini ya kitanda cha Micah. Damu ya mtu ni nzito, hata kwa wasiokubali.

"Hii ndiyo ya mwisho," Micah alisema.

"Mwisho naamua mimi."

Saa nne.

Mteja alikuja akisukuma pikipiki iliyozima, vijana wawili wa steji ya bodaboda wakimsaidia. Aliitwa Truphosa. Alivaa helmeti na jaketi ya rangi ya machungwa iliyomzidi mabega. Vijana wakabaki nje.

"Nikuambie ukweli, boss," alisema. "Hii imekataa betri tatu. Fundi anasema itakubali tu ile ilitoka nayo kiwandani. Lakini nimechoka kutembea. Jaribu yako."

Micah aliiteremsha betri mahali pake, akafunga kifuniko. Kioo cha kuonyesha chaji kiliwaka papo hapo.

Truphosa aliweka kiganja juu ya kiti, akakipapasa taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Micah alirudi nyuma hatua moja. Sasa alijua pikipiki ni ya nani. Akamtazama mama usoni, akaona kwamba naye amejua.

"Imeshika," Micah alisema.

"Naona. Kwetu muuzaji ndiye hupanda kwanza." Truphosa alivua jaketi na helmeti, akamkabidhi. "Vaa, polisi wasikusumbue. Nenda hadi kwa kona, urudi."

"Kona gani?"

"Unaijua."

Saa tano kasorobo.

Njia ya vumbi ilipanda katikati ya mashamba ya mahindi. Pikipiki haikuwa na mlio, ni upepo tu masikioni. Simu ilikuwa mfukoni. Hakuitoa kumwonya Kahiga. Angeweza kukata kushoto, atokee mtaa wa Section 58, apotee mjini. Lakini kamba ingebaki pale pale kesho, ikimngoja mwingine. Micah aliogopa sana, na akaendelea kupanda.

Kwenye kona Kahiga aliinuka kutoka mtaroni, kamba mkononi. Akaiona ile jaketi. Akaiona pikipiki ikija bila sauti.

Kamba ilimponyoka.

"Obura," alisema. Alipiga magoti vumbini. "Obura, wacha. Sikutaka ufe. Nilivuta tu. Nisamehe, ndugu yangu."

Gathogo alizama ndani ya mahindi bila kugeuka nyuma.

Micah alisimamisha pikipiki. Alitaka kuifungua helmeti aseme ni yeye, ila mikono ilikataa. Alimwonea Kahiga huruma, na huruma hiyo ikamtia aibu.

Nyuma yake mtu alikohoa. Steji nzima ilikuwa pale, zaidi ya pikipiki kumi za stima, na hakuna aliyesikia zikifika. Truphosa alikuwa amebebwa na ya kwanza. Walikuwa wamesikia kila neno.

Kahiga aliwaona, kisha akatazama viatu vya yule aliyekuwa juu ya pikipiki.

"Micah?" Alisimama polepole. "Umeniuza?"

Micah alizima pikipiki.

"Sawa. Basi muulizeni na huyu," Kahiga aliwaambia. "Mimi nilishika upande huu wa kamba. Yeye alishika ule."

Waendeshaji walishuka, mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliinama akaokota jiwe. Micah alivua helmeti, akatafuta la kumwambia yule mama, akapata moja tu.

"Ni kweli, mathe."

Truphosa alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kwanza vua jaketi ya bwana yangu," alisema.