Mbio za Pacha Wangu

Kila Jumapili jioni Mama hubandika karatasi kwenye mlango wa kabati la jikoni. Upande mmoja huandika kazi zangu, upande wa pili kazi za pacha wangu. Mimi nikifagia, yeye anapiga deki. Mimi nikimenya viazi, yeye anasugua sufuria. Mama ni muuguzi wa zamu, hana muda wa kusikiliza kesi za nani kafanya nini. Akirudi anataka kukuta kazi zimekwisha, basi. Tukibadilishana katikati, hilo ni shauri letu.

Ndivyo tulivyokua, na ndiyo maana nakereka mtu akituita wavivu. Tungekuwa wavivu, yaliyotukuta yasingetukuta.

Shuleni wananiita Swala kwa sababu ya mbio. Pacha wangu wanamwita Mamba, kwa kuwa akishaingia majini kumtoa ni kazi. Muhula ule mwalimu wa michezo alitangaza mashindano ya shule za mji wetu: kukimbia kilomita mbili, kisha kuingia bwawani papo hapo bila kupumzika na kuogelea mita mia mbili. Timu ingekuwa ya watu sita. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Mwaka uliotangulia nilikaa benchi nikiwapigia wenzangu makofi mpaka viganja vikaniwaka, na nilikuwa nimechoka kupiga makofi.

Mwalimu alimpa kila mmoja wetu daftari la mazoezi. Jumatatu na Jumatano kukimbia, Jumanne na Alhamisi kuogelea, kwa wiki sita. Kila wiki mzazi atie sahihi.

"Mbio zitawapa pumzi na miguu," alisema. "Maji yatawapumzisha miguu hiyo huku mikono na mapafu vikifanya kazi. Kimoja kinakisaidia kingine. Ukichukua kimoja ukaacha kingine, umejidanganya."

Alisema hivyo akitutazama mmoja mmoja usoni, kwa hiyo hatuwezi kusingizia kwamba hatukusikia.

Shida ni kwamba bwawa la mji mimi silipendi. Maji yake yanachoma macho, yanaingia puani, na kila nikigeuza kichwa kuvuta hewa nakuta mtu amenirushia mengine mdomoni. Mamba naye akikimbia mita mia tatu anashika ubavu na kulalamika kichomi. Tulipopewa madaftari yale tulisimama nayo jikoni, yeye akawa anaikodolea macho ile karatasi ya Mama.

"Kwa nini tujitese?" akauliza. "Wewe kimbia zako na zangu. Mimi nitaogelea zangu na zako."

"Na Mwalimu je?"

"Ukituhesabu wote wawili, Mwalimu anataka kukimbia mara nne na kuogelea mara nne kwa wiki. Atapata. Jumla ni ile ile."

Nilitafuta kosa katika hesabu hiyo, sikuliona. Kwa wiki sita nikakimbia siku nne kila wiki, kutoka getini kwetu, kupita kiwanda cha magodoro mpaka kwenye mizani ya malori, na kurudi. Mvua iliponyesha nilikimbia. Mifupa ya miguu ilipoanza kuniuma nilikimbia. Mamba aliogelea mpaka akawa hawezi kuinua mikono kuvaa shati. Kila jioni tulijaza madaftari yote mawili. Hakuna mwanafunzi aliyetoa jasho kama sisi, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Jumapili moja Mama alisita, kalamu mkononi.

"Mbona wewe hunuki dawa ya bwawa kama mwenzako?"

"Huwa najisugua sana na sabuni, Mama."

Alikuwa ametoka zamu, macho mekundu kwa usingizi. Akatia sahihi. Nilijisikia vibaya, kisha nikajikumbusha kwamba jumla ni ile ile.

Siku ya mchujo wa kuchagua timu ikafika. Nilikimbia vizuri, nikaingia langoni mwa bwawa nikiwa wa pili, nikajitosa. Mita ishirini za kwanza zilikwenda. Kisha mapafu, ambayo bado yalikuwa yanahema kwa zile mbio, yakadai hewa wakati uso wangu uko chini. Nikavuta maji. Mguu ukakakamaa. Nikang'ang'ania kamba ya bwawani nikikohoa kama injini mbovu, na mwangalizi wa bwawa akaninyooshea fimbo yake ndefu na kunivuta hadi ukingoni, watu wote wakitazama. Mamba alitokea baadaye sana, akitembea, mkono ubavuni, nyuma ya watoto wa madarasa mawili chini yetu.

Mwalimu alifungua madaftari yetu, akayafunga, akayafungua tena. Alikuwa amekasirika, lakini hakutukasirikia sisi.

"Wewe umeogelea mara kumi na mbili," akaniambia. "Mwenzako amekimbia mara kumi na mbili. Na bado mko hivi. Basi mpango wangu mwenyewe ndio mbovu. Kuanzia kesho nawaongezea wote siku mbili."

Wenzetu wakaguna. Mamba akawahi kusema, "Ni msuli tu, Mwalimu. Umembana ghafla. Mpe nafasi nyingine."

Mwalimu akanitazama. Alikuwa tayari kukubali, niliona. Ningeitikia kwa kichwa tu, nafasi yangu ingepona. Lakini pale ukingoni walikaa wenzangu kumi na wanane, wamelowa, kila mmoja amefanya mazoezi yake mwenyewe, na sasa wangebebeshwa mzigo wetu.

"Sikuogelea hata mara moja," nikasema. "Mamba aliogelea zangu. Mimi nilikimbia zake."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. Ni yeye pia anayetufundisha hesabu.

"Mmegawana," akasema polepole. "Mmegawana mazoezi."

"Jumla ni ile ile, Mwalimu," Mamba akanong'ona.

"Na mimi ndiye niliyewafundisha kujumlisha," Mwalimu akajibu, akajifunika uso kwa daftari langu.

Alitufuta kwenye orodha. Nafasi moja ilikuwa bado wazi, na mchujo wake ungefanyika baada ya wiki nne. Alituruhusu kujaribu kama wengine, ila kwanza tukamweleze Mama kwa vinywa vyetu.

Mama hakufoka. Alivua viatu, akakaa na sare yake ya kazi.

"Nimetia sahihi mara sita," alisema. "Kule kazini nikitia sahihi kwamba mgonjwa amepewa dawa na hajapewa, anaweza kufa. Nyinyi mmenifanya nisaini uongo jikoni kwangu. Hebu niambieni, mkiugua, mmoja atameza vidonge ili mwingine apone?"

Mamba alifungua mdomo ajibu. Nikamkanyaga mguu.

Wiki zile nne zilinichosha roho. Ya kwanza nilidhani nitalimaliza bwawa kwa kulinywa. Ya pili nikaanza kupata hewa bila ugomvi. Ya tatu nikagundua, kwa hasira kidogo, kwamba miguu yangu haiumi tena, kwa sababu siku za majini ilikuwa inapumzika. Mwalimu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Mamba aliweza kufika kiwanda cha magodoro bila kusimama, lakini kwenye mizani bado alifika akiburuza miguu.

Siku ya mchujo wa mwisho nilimaliza mita zote mia mbili. Sikuogelea kwa madaha, lakini nilimaliza, na nafasi ikawa yangu. Mamba alikuwa na kasi majini kutushinda sote. Alishindwa kwa sekunde kumi na moja, na zote alizipoteza barabarani.

Alikaa ukingoni, miguu majini. Mama, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, alikaa katikati yetu.

"Ningekuwa na uwezo ningekupa nusu," nikamwambia pacha wangu.

"Nusu ya nini?" akasema. Mbio alizozikosa nilikuwa nimezikimbia mimi, kwa wiki sita, nikidhani namsaidia.

"Sikilizeni," Mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kurudia. "Vyombo mtu anaweza kukuoshea, na vikawa safi. Nguo atakufulia, utavaa. Lakini hakuna anayeweza kukupumulia. Jasho la mwenzako halikujengei mwili, na ukiandika kwamba ni lako, unamdanganya kila mtu hadi siku mwili wako utakapokuumbua. Nyinyi hamkukosa bidii. Mmekosa ukweli, na bidii yenu yote ikamwagika."

Jumatatu jioni nilimkuta Mamba getini anafunga kamba za viatu. Mashindano ya muhula uliofuata yalikuwa mbali, na hakuna aliyemtuma.

"Leo zangu nakimbia mwenyewe," akasema. "Wewe kaa pembeni yangu tu, na usiende haraka."

Tukaondoka. Kwenye kiwanda cha magodoro akashika ubavu, akanitupia jicho, akaendelea. Zilikuwa mbio za polepole kuliko zote nilizowahi kukimbia, na sikumwacha hata hatua moja.