Viluwiluwi vya Maji Chumvi

Maiti ililala kifudifudi baina ya mizizi ya mikoko, kusini ya Mbweni, uso ndani ya kidimbwi kilichoachwa na maji kupwa. Inspekta Turki alivua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni.

"Nani kamwona mwanzo?"

"Wakata kuni, bwana," alijibu Konstebo Usi. "Wanasema hawakumgusa."

Kisogoni palikuwa na jeraha lililopinda kama mwezi mwandamo. Daktari wa polisi alilitazama kwa muda, kisha akanawa mikono.

"Chuma chenye ukingo wa duara. Pigo moja tu. Alizirai, maji yakammaliza. Jana asubuhi, kwa makisio yangu."

Turki alimjua marehemu. Shamsi Pandu, mtoto wa mchoma chokaa wa Makunduchi, bwana afya katika maabara ya malaria. Kiunoni alikuwa bado na kata yake ya chuma, ile ya kuchotea viluwiluwi vya mbu. Turki aliichomoa, akaushikiza ukingo wake kwenye jeraha. Ulikaa sawasawa. Lakini kata ilikuwa haijatoka mkandani, haina hata alama.

"Kata kama hii wanazo wangapi?" aliuliza.

"Wawili tu, bwana. Yeye na Khelef, mwenziwe wa maabara."

Maabara ilikuwa ghorofani, Vuga. Hamda, dada yake Khelef, alikuwa kwenye hadubini, lakini haangalii kitu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Khelef alisimama dirishani, kanzu nyeupe pee. Marehemu baba yao, mwenye mashamba ya karafuu, alikuwa akinywa kahawa kila alasiri na baba yake Turki.

"Jana asubuhi ulikuwa wapi, Khelef?"

"Dunga, katikati ya kisiwa. Mvua imejaza madimbwi kando ya barabara. Chupa yangu ile pale, na viluwiluwi vyake ndani."

"Nani kakuona?"

"Nani humtazama mtu anayechota maji machafu?"

"Kata yako iko wapi?"

"Nimeiosha. Itazame."

"Mligombana na Shamsi?"

"Kwa mambo ya kazi tu. Yeye akishikilia kuwa mbu wa malaria wa mikokoni na wa huku ndani, mbali na bahari, ni aina mbili mbali. Mie nikimwambia mbu ni mbu. Watie kwenye hadubini mpaka macho yakutoke, mguu kwa mguu, bawa kwa bawa. Huoni tofauti."

Turki aligeuka. "Bi Hamda, na wewe wasemaje?"

Alijibu bila ya kuinua uso. "Sura si hoja. Shamsi aliwaweka tundu moja, wa chumvi na wa maji matamu. Walizaa. Lakini madume waliozaliwa wakawa tasa, uzazi ukakomea hapo. Akisema aina moja ni wale wanaozaana, na watoto wao nao wakazaana. Huo ndio mpaka. Yaliyobaki ni nguo tu."

"Na asiyeweza kungoja wajukuu atawajuaje?"

Hamda akainua uso. Alimtazama kaka yake, kisha chupa iliyokuwa mezani.

"Kwa maji ya bahari," alisema polepole. "Viluwiluwi vya maji matamu ukivitia humo hufa. Vya mikokoni huishi kote kuwili."

Khelef akacheka. "Ndoto za Shamsi hizo."

"Kama ni ndoto hazitakudhuru," alisema Turki. "Usi, chukua ndoo, teremka pwani."

Ndoo ilipofika, Hamda alitandaza mabakuli mawili, akayatia maji ya bahari. La kwanza alitia viluwiluwi vya maji matamu vilivyofugwa pale pale maabara, la pili vya chupa ya Khelef.

"Unajua unalolifanya?" Turki alimnong'oneza.

"Nnalijua kuliko wewe."

Walingoja. Khelef alimvuta Turki barazani.

"Turki, sisi watu wamoja. Mwaka huu wa uchaguzi kila mtu anatazama upande wake. Hata maziko siku hizi watu hawazikani. Utamtia kitanzi mwenzio kwa ajili ya wadudu?"

Turki alimwacha pale barazani. Alirudi ndani.

Ilipoadhiniwa adhuhuri, viluwiluwi vya bakuli la kwanza vilikuwa vimezama, vimekufa vyote. Vya Khelef vilikuwa vimejilaza juu ya maji, vizima. Turki alipogonga bakuli kwa ukucha, vikatawanyika mbio.

"Jee, Khelef, Dunga kuna bahari siku hizi?"

Khelef alivitazama viluwiluwi vile kama mtu aliyetukanwa. Akavuta kiti, akakaa.

"Sikutaka kurudi na chupa tupu, watu wakaniuliza," alisema. "Nikachota pale pale. Nilipofika nyumbani nikayamwaga maji ya chumvi, nikatia ya mfereji. Hata siku moja sikuamini kuwa yule mtu amesema kweli."

"Kwa nini umemuua?"

"Muulize huyu!" Alimnyooshea dada yake kidole. "Baba hayupo, walii wake ni mie. Aliniomba nimwoze Shamsi, nikakataa. Akamfuata kadhi, akaozeshwa kwa siri. Ukoo wetu wote, kwa mchoma chokaa! Nilisikia juzi, tena sokoni. Nikamfuata Shamsi mikokoni, nikamwambia amwache. Akanijibu kwa upole, 'Shemeji, jambo limeshakuwa, tusameheane.' Shemeji! Khalafu akanipa mgongo, akainama kuchungulia maji. Nikampiga."

Usi, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Makunduchi, aliinamisha kichwa.

"Mbu umewafanya wote ndugu," alisema Turki. "Mtu wa Makunduchi ndiye uliyemwona mdudu."

"Usinihubirie. Wewe ungemwoza dada yako?"

Turki alikuwa na dada watatu. Alijua jibu la nyumbani kwao, na alijua kuwa Khelef naye analijua. Alitoa pingu, akamfunga mwenyewe.

Usi alimteremsha mtuhumiwa ngazi. Hamda alivua koti la maabara, akalikunja, akavaa buibui lake. Alikuwa bado hajalia.

"Gari yako itaweza kunifikisha Makunduchi?"

"Kufanya nini huko, Bi Hamda?"

"Kukaa eda kwa mama yake Shamsi. Hajajua kama mwanawe kafa. Wala hajajua kama nna mimba." Alifunga ukaya wake wa kichwani chini ya kidevu. "Yote mawili lazima ayasikie kwangu. Sijui nianze na lipi."